Mabango ya miujiza yanavyowanyima wateja watu wenye ulemavu

MSIMU wa ufuta ukifunguliwa katikati ya mwaka, na ule wa korosho ukifuata kuanzia Oktoba, fedha za wakulima wa Lionja na vijiji vingine vya Nachingwea, Ruangwa na Liwale hupatikana kwenye minada ya Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI. Malipo yakishaingia, kila mwenye bidhaa hujitokeza: wauza bati, wauza pikipiki, wauza vitenge. Hujitokeza pia wenye mikutano ya maombi, visomo na tiba za kiroho, nao hutangaza kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Maneno ya matangazo hayo yanafanana nchi nzima. Viwete watatembea, vipofu wataona, wagumba watazaa, vichaa watafunguliwa. Gari la vipaza sauti linayarudia sokoni mpaka watoto wanayakariri.

Hakuna anayekataza mtu kuombewa. Tatizo ni namna mtu mwenye ulemavu anavyotumiwa kwenye bango. Mkulima anaijua picha ya jani lililoliwa na wadudu kwenye chupa ya dawa ya kunyunyizia, na pembeni yake jani zuri la kijani. Kwenye bango la mkutano, mtu mwenye magongo ndiye jani lililoliwa. Hana jina wala kazi, na hatazamwi kama mteja wa mtu wala mwenye wateja wake.

Kibiashara, hilo lina gharama. Chukua mfano wa fundi cherehani aliyepooza miguu. Mikono yake ni mizima na kushona anajua, lakini mtaa mzima umefundishwa kumwona kuwa ni mtu anayesubiri siku yake ya kupona. Anapewa sadaka badala ya kazi. Akiomba kuingia kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama wanajiuliza atarejeshaje. Na kwa upande wa familia, magunia mawili ya mbaazi yanauzwa ili apelekwe kwenye mkutano wa mbali, wakati fedha hizo zingetosha kununua kitambaa na uzi wa kuanzia.

Mfano mkubwa wa nguvu ya tangazo tuliupata mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, alitoza Sh500 tu kwa kikombe. Bei hiyo ndogo ndiyo iliyosemwa sana. Nauli, chakula na kulala njiani havikusemwa, na huko ndiko wengine walikofanya biashara. Wagonjwa wa Ukimwi, kisukari na saratani walipanga foleni ya magari ya kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani au kwenye foleni. Februari 1, 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa Mtume Boniface Mwamposa, wakigombea kukanyaga mafuta ya upako.

Ukoma nao bado unatajwa kwenye mahubiri kama laana inayongoja muujiza. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto ya ugonjwa huo tangu 1981, na tangu 1995 dawa hiyo inatolewa bure. Matibabu ni ya miezi sita hadi 12. Hiyo ndiyo habari iliyostahili kipaza sauti. Haki itendeke lakini: mashirika ya dini ndiyo yaliyojenga hospitali nyingi za kusini, Ndanda na Mnero zikiwamo, na huko wagonjwa walitibiwa bila kuonyeshwa jukwaani.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inalinda utu wao na haki yao ya kufanya kazi. Mwenye ukumbi, mchapa mabango na mwenye gari la matangazo wanaofikiri kuwa maneno ni ya mteja tu, wasome sheria hiyo.

Fedha nazo zipo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023, Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na Mbunge wa Ruangwa, alitangaza kusitishwa kwa mikopo hiyo ili utaratibu urekebishwe; ilirejeshwa mwaka 2024. Maelezo yake hutolewa na Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Katika wilaya zinazoishi kwa ufuta na korosho, ushuru wa mazao ni sehemu kubwa ya mapato ya halmashauri, hivyo asilimia hizo mbili zinatoka kwenye magunia yale yale yanayopimwa ghalani.