Kuku Akiugua Kesses: Joto Kwanza, Dawa Baadaye

Kuku huficha ugonjwa. Kundini mnyonge hudonolewa, na mwewe naye hamkosi, kwa hiyo ndege huyu hujikaza mpaka nguvu zimwishie. Ukimkuta amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, upanga umepauka na macho yanasinzia mchana, huenda ameugua kwa siku kadhaa. Mshike kidari: mfupa wa katikati ukichongoka kama ukingo wa jembe, nyama imekwisha.

Kabla ya kumwuguza, hesabu wagonjwa. Watatu wakianguka siku moja, wanakoroma, wanaharisha kijani na shingo zinapinda, hicho huenda ni kideri, na kideri hakina dawa. Ni ugonjwa wa virusi, uliotambuliwa mwaka 1926 kule Java na Newcastle nchini Uingereza, na antibiotiki hazivigusi virusi. Shubiri na pilipili majini, tiba ya boma nyingi, hazijathibitishwa kukiponya. Mwite afisa wa mifugo, na tafadhali usimkimbize mgonjwa sokoni ili angalau upate hela. Hivyo ndivyo kideri kinavyohamia kwa jirani. Kinga yake ni chanjo, na humu nchini Kenya taasisi ya KEVEVAPI huitengeneza.

Lakini akiwa mmoja tu, mtenge na umwuguze. Hapa Kesses, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huanzi na dawa, unaanza na joto. Mwili wa kuku hukaa kwenye nyuzi 41 hadi 42, na usiku wa Julai anaulinda kwa kuchoma chakula. Asiyekula hana cha kuchoma. Mweke ndani ya katoni yenye maranda makavu, umwekee ubavuni chupa ya maji moto iliyofungwa kwa sweta kuukuu, na umwachie nafasi ya kusogea joto likizidi.

Jiko la makaa lisilale naye chumbani. Hewa hupita kwenye mapafu ya ndege kwa mkondo wa upande mmoja, ikisukumwa na mifuko ya hewa, kwa hiyo ndege hufyonza gesi vizuri kuliko sisi, ya sumu ikiwemo. Wachimba makaa wa Uingereza walishuka mashimoni na ndege wadogo waitwao kanari hadi mwaka 1986, kwa kuwa kanari alizimia kabla ya mtu. Kuku pia hana kiwambo, ule msuli unaotusaidia kupumua. Hupumua kwa kutanua kifua na tumbo. Mtoto anayemkumbatia kwa huruma na kumbana anaweza kumnyima pumzi.

Baada ya joto, maji. Hapa ndipo wengi huwaua kuku wao kwa mapenzi: wanamfungua mdomo na kummiminia. Tundu la koo la hewa liko nyuma tu ya ulimi, wazi, na maji yakiingia humo yanakwenda mapafuni. Chukua sirinji isiyo na sindano, udondoshe tone moja pembeni mwa mdomo, ungoje. Atachapa ulimi, atainua kichwa, atameza. Dondosha jingine. Maji yawe vuguvugu, yenye glukosi kidogo. Chumvi usiikoleze, maana ikizidi ni sumu kwake. Akianza kumeza mwenyewe, mpe uji mwepesi au yai la kuchemsha lililopondwa. Asubuhi papasa gole kabla hajala: likiwa bado limejaa, chakula hakishuki, na kuongeza kingine ni kumtesa.

Kinyesi cha kijani hakina maana moja. Nyongo ya ndege ina rangi ya kijani ambayo miili yetu huigeuza manjano. Tumbo likiwa tupu, hiyo nyongo ndiyo inayotoka. Mara nyingi kijani husema tu kwamba kuku hajala, chochote kilichomzuia. Damu ni habari nyingine, hasa kwa vifaranga na kuku wachanga: fikiria koksidiosi, inayotokana na vimelea vya utumbo vinavyoshamiri kwenye maranda yaliyolowa, na msimu wetu wa mvua huyalowesha kweli. Dawa yake ya kawaida ni amproliamu. Umbo lake linafanana na vitamini B1, basi kimelea huinyonya dawa badala ya vitamini na kudhoofika. Ndiyo maana mimi siafiki ile desturi ya kuuziwa amproliamu na unga wa vitamini, kisha vyote vikachanganywa kwenye ndoo moja. Vitamini B1 ikizidi, dawa inapungua nguvu. Maliza dawa kwanza, vitamini zifuate.

Akipona, usimrudishe kundini mchana kweupe. Wenzake wamekwisha kupanga upya nani amdonoe nani, na yeye sasa ni mgeni. Mweke kwanza nyuma ya wavu wamzoee, kisha mwingize kibandani usiku, wote wakiwa wamelala. Kutaga kunaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi. Kama alipewa antibiotiki, soma kwenye pakiti ni siku ngapi mayai yake hayaliwi, na hata mbwa usimpe.