Ritifaa ya Ng'ombe Kwenye Mstari wa Amri

Tuseme skripti yako ya PHP inabana ripoti za mnada kila usiku. Umeandika exec("gzip '$faili'"), na ripoti zote zinapita isipokuwa ile iliyopewa jina bei ya ng'ombe.csv. Hapo sheli inalalamika kuwa kuna nukuu haijafungwa.

exec() haiiti gzip moja kwa moja. Kwenye Linux huukabidhi mstari mzima kwa /bin/sh, nayo huusoma upya kwa kanuni zake: nafasi hutenganisha maneno, alama ya dola huita kigeu, nukuu hufungua na kufunga. Ritifaa ya ng'ombe imefunga nukuu uliyoifungua wewe. Ukihamia nukuu mbili, ng'ombe atapita, lakini faili lenye jina $(reboot) litageuka amri. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu halitoi kelele yoyote kabla ya siku ya madhara.

Dawa ya kwanza ni escapeshellarg(). Hufunga nukuu, huweka ritifaa iliyokingwa, kisha hufungua tena: 'bei ya ng'\''ombe.csv'. Ila haizuii neno linaloanza na kistari kusomwa kama chaguo la programu. Mwaka 2016 maktaba ya PHPMailer iliumbuliwa na kosa la jamii hiyo: anwani ya mtumaji iliweza kubeba machaguo ya ziada hadi kwa sendmail, na mshambuliaji akaandika faili kwenye seva. Kwa hiyo tanguliza -- kabla ya jina la faili, pale programu inapokubali.

Mimi napendelea kuiacha sheli kando kabisa. Tangu PHP 7.4, proc_open() hupokea safu, ['gzip', '--', $faili], na kila kipande hufika kilivyo.

Hapo hapo pana nafasi ya vigeu vya mazingira. Nenosiri la pg_dump, programu ya kunakili hifadhidata ya PostgreSQL, lisiandikwe kwenye amri, maana kwa kawaida mtumiaji yeyote wa seva huiona kwa ps. Lipitishe kama PGPASSWORD kwenye hoja ya mazingira ya proc_open(). Angalia tu: safu unayoitoa hufuta mazingira yote ya zamani, PATH ikiwemo, hivyo andika ['PGPASSWORD' => $siri] + getenv(). Usitegemee $_ENV: kwa mipangilio ya php.ini inayokuja na PHP, huwa tupu.