Karanga: Gunia hujaa kuanzia kwenye mbegu

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakusema hivyo kuhusu mbegu. Mkulima wa karanga wa Ibadakuli, Shinyanga, anaweza kupalilia mapema na kuwa na shamba zuri la kichanga, lakini akipanda mbegu ya mchanganyiko kutoka sokoni, huenda magunia yasijae.

Karanga ilitoka Amerika ya Kusini, ikazaliwa na mimea miwili ya porini iliyochavushana yenyewe maelfu ya miaka iliyopita. Kwa kuwa ua lake hujichavusha, karanga zote duniani ni kama ndugu wa tumbo moja. Tofauti za kurithi ni chache, lakini zinatosha kumpa mtafiti cha kuchagua. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilitoa aina ya Pendo mwaka 1998, na mwaka 2009 kikaongeza nyingine, zikiwamo Mnanje na Mangaka.

Sifa ya kwanza ni muda. Aina fupi zinazosimama wima hukomaa kwa siku 90 hadi 100. Zinazotambaa huchukua siku 120 au zaidi. Shinyanga mvua huweza kukatika Januari au Februari, hivyo aina fupi ina nafuu. Lakini zing'olewe mara zinapokomaa, kwani zikikuta mvua huota zikiwa ardhini.

Sifa ya pili humgusa pia mfanyabiashara anayenunua Ibadakuli na kuuza Kahama au Geita. Chukua kilo 1,000 za karanga zenye maganda. Aina inayotoa asilimia 70 ya punje itampa kilo 700. Inayotoa asilimia 60, kilo 600. Kilo 100 zimepotea kwenye maganda, na nauli ililipwa.

Wengi huchagua mbegu kwa kuangalia shina lenye karanga nyingi. Hapo tahadhari inahitajika. Idadi ya karanga kwenye shina hutegemea sana udongo, nafasi na maji. Shina lililo kando ya zizi huenda limebebwa na samadi. Ukubwa wa punje hurithiwa kwa uhakika zaidi.

Kwa nini basi mbegu bora ni adimu? Kwa nafasi ya sentimeta 50 kwa 10, hekta moja huchukua mashina 200,000, yaani takriban kilo 80 za mbegu. Tena mkulima akishanunua, anaweza kurudia mbegu yake kwa misimu kadhaa, tofauti na mahindi chotara. Kampuni haioni faida kubwa hapo.

Njia iliyopo ni kikundi cha wakulima kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa, zinazokaguliwa chini ya TOSCI. Anayeanza na kilo chache atenge kipande chake, ang'oe mashina yaliyodumaa yenye majani ya njano, akaushe vizuri na kuhifadhi zikiwa na maganda. Mbegu ya msimu ujao isiuzwe pamoja na chakula.