Fahamu: Ngazi za gemu zikipangwa upya, asiyelipa anapata nini?

Kijana wa Ngara au Biharamulo anayecheza gemu la bure bado analipia bando, hivyo ana haki ya kujua kampuni inapobadili ngazi imempa nini na imemnyima nini.

Mfano ulio wazi ni World of Warcraft, gemu la kampuni ya Blizzard ya Marekani. Tangu 2011, asiyelipa anaruhusiwa kucheza hadi ngazi ya 20 tu. Oktoba 2020 Blizzard ilikunja ngazi zote: mhusika wa ngazi ya 120 akashushwa hadi 50, na mwezi uliofuata kilele kipya kikawa 60.

Ukomo wa bure haukuguswa. Ulibaki 20. Lakini 20 kati ya 120 ni sehemu moja ya sita ya safari, na 20 kati ya 60 ni theluthi. Kwa kuwa ujuzi wa mhusika ulisogezwa kwenye ngazi za chini, asiyelipa alifaidi mengi zaidi kabla ya kugota. Kwa mgeni, hiyo ni nafuu ya kweli.

Aliyeumia ni mkongwe asiyelipa aliyekuwa amefika 20: mhusika wake naye alishushwa ngazi, akalazimika kupanda tena. Tena, mnada wa ndani ya gemu na vyama vya wachezaji vilibaki vya wanaolipa.

Kwa hiyo, gemu lako likitangaza ngazi mpya, tazama kwanza ukomo wa bure umewekwa wapi, kisha mhusika wako atahamishiwa ngazi gani. Soma hayo kabla ya kununua bando la kupakua sasisho.