Istilahi za Anga-Nje katika Programu za Kompyuta

Kila uwanja mpya wa elimu huja na haja yake ya maneno. Katika makala haya tunakusudia kueleza matatizo ya istilahi yanayojitokeza katika programu za kompyuta zinazomwezesha mtumiaji kuzitembelea sayari na kufuatana na vyombo vilivyotumwa huko. Hapo mwisho tutatoa mapendekezo machache ili wasomaji wayapime.

Programu za namna hii ni nyingi. Stellarium humwonyesha mtu mbingu kama zinavyoonekana kutoka mahali alipo. Celestia humruhusu kuiacha Dunia na kusafiri hadi kwenye nyota za mbali. Eyes on the Solar System, iliyotengenezwa na wataalamu wa Jet Propulsion Laboratory huko Pasadena, Marekani, na kutolewa kwa umma, humwezesha kufuatana na vyombo vyenyewe. Kwa mfano, mtumiaji anaweza kuurudisha wakati nyuma hadi mwaka 1977 na kuandamana na Voyager 2 ikipita Mshtarii mwaka 1979, Zohali mwaka 1981, Uranusi mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989. Mchoro anaouona haukubuniwa tu ili kupendeza macho. Mahali pa chombo hukokotolewa kutokana na kumbukumbu halisi za njia yake.

Stellarium na Celestia ni programu huria, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuzitafsiri. Hapa ndipo jambo letu linapoanza. Kosa la kitabu hukaa katika ukurasa wake, na mwalimu hodari hulisahihisha kwa chaki. Lakini katika programu, jina la sayari huandikwa mara moja katika orodha, kisha kompyuta hulitumia kila mahali jina hilo linapohitajika. Likiwa na kosa, kosa hilo hutokea katika kila ramani, kila maelezo na kila jibu.

Tuanze na majina ya sayari. Kiswahili kina majina ya kale ya sayari tano zinazoonekana kwa macho matupu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina haya yalitoka katika Kiarabu na yalikuwa yakitumiwa na wanajimu wa pwani kabla ya shule za kisasa. Uranusi iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781 na Neptuni mwaka 1846. Hivyo si ajabu kwamba wazee hawakuwa na majina yake.

Tatizo lilitokea pale watungaji wa vitabu walipotaka kuijaza orodha. Utaridi ikapewa na baadhi yao jina la Zebaki, kwa kuwa katika Kiingereza sayari hiyo na madini hayo yana jina moja. Zohali ikaitwa Sarateni, na jina la Zohali likahamishiwa kwa Uranusi. Neptuni nayo ikaitwa Kausi. Lakini Saratani na Kausi ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota yanayoitwa kaa na upinde, wala si majina ya sayari hata moja.

Madhara yake si ya wanalugha peke yao. Tumfikirie mwanafunzi aliyefundishwa kwamba sayari yenye pete kubwa ni Sarateni, na kwamba Zohali ni sayari ya saba. Akiketi mbele ya programu inayotumia majina ya kale na kuitafuta Sarateni, hataiona. Akichagua Zohali, atapelekwa kwenye sayari ya sita, naye ataamini kwamba ama mwalimu wake ama kompyuta imekosea. Mtoto huyo hana kosa. Sisi wenye lugha ndio tuliomwachia majina mawili kwa kitu kimoja na jina moja kwa vitu viwili. Kwa hiyo tunashauri majina matano ya kale yabaki mahali pake, na Uranusi na Neptuni yatumike kwa utohozi.

Neno la pili ni anga. Katika matumizi ya kawaida, anga ni hewa inayotuzunguka na pia ni upeo wote ulio juu yetu. Tarehe 15 Septemba 2017, chombo Cassini, kilichokuwa kimeizunguka Zohali tangu mwaka 2004, kilielekezwa kuiangukia sayari hiyo na kuteketea. Tukiandika kwamba kiliingia katika anga ya Zohali, msomaji atauliza: je, kwa miaka 13 hakikuwa humo? Lugha yetu inazo njia za kutenganisha maana hizi. Angahewa ni hewa iliyoizunguka sayari. Anga-nje ni uwazi ulio nje ya hewa hiyo.

Neno la tatu ni mzingo. Wengine wamelitumia kwa njia ambayo sayari huifuata inapolizunguka Jua. Lakini katika hesabu za shule ya msingi, mzingo ni urefu wa kuzunguka umbo. Mzingo wa Dunia basi utakuwa upi: kilomita 40,000 hivi za kuizunguka Ikweta, au kilomita milioni 940 hivi ambazo Dunia husafiri kwa mwaka? Afadhali mzingo ubaki kwa wanahesabu, na njia hiyo iitwe obiti.

Neno la nne ndilo gumu zaidi. Kazi nzima ya kupeleka vyombo kwenye sayari, pamoja na watu, zana na makusudi yake, tuiiteje? Wapo wanaosema misheni, lakini kwa wasemaji wengi misheni ni mahali penye kanisa, shule na zahanati. Wengine husema safari. Hata hivyo Voyager ni kazi moja yenye vyombo viwili, kila kimoja na njia yake. Na Cassini ilibeba chombo kingine, Huygens, kilichotua juu ya Titani, mwezi wa Zohali, tarehe 14 Januari 2005. Tunapendekeza neno msafara. Msafara una kiongozi, una mizigo, una kusudi, na ndani yake mna safari zaidi ya moja. Atakayepinga kwamba msafara huhitaji watu, tutamjibu kwamba watu wapo, ila wameongoza wakiwa nyumbani.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

Anga-nje: uwazi ulio nje ya angahewa ya Dunia na ya sayari nyingine.
Angahewa: hewa iliyoizunguka sayari.
Msafara wa anga-nje: kazi nzima ya kutuma chombo kimoja au zaidi kwa kusudi maalumu.
Obiti: njia inayofuatwa na kitu kinapokizunguka kingine.
Setilaiti: chombo kilichotengenezwa na watu kinachoizunguka Dunia au sayari nyingine, kisichotengenezwa na watu kiitwe mwezi.
Programu shirikishi: programu inayoonyesha mambo kwa kufuata matendo ya mtumiaji. Neno kuingiliana tumeliacha, kwani lina maana nyingine zisizofaa darasani.

Haya ni mapendekezo tu, hayajasanifiwa. Na asiwepo wa kudhani kwamba lugha yetu ni mgeni katika uwanja huu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka mbinguni ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, na jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya mataifa mengi. Neno letu lilikwisha kufika huko juu. Linalotakiwa sasa ni kwamba mtoto wetu anapolifuata akute kila sayari ina jina lake.

Walimu, watafsiri na mafundi wa kompyuta wanaombwa kutuletea maoni yao, hasa wale wenye maneno bora kuliko haya.