Kufomati Hakuponyi Memori Kadi

Msimu wa mahafali ukianza pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nalijua swali litakaloletwa: "Fundi, kadi ilinigomea bila sababu katikati ya kazi, nikaifomati, sasa inasoma vizuri. Niendelee nayo?" Hapana. Ukiniletea nyingine wiki ijayo yenye historia hiyohiyo, jibu ni hilo hilo.

Kufomati kwa kawaida ndani ya kamera hakugusi mahali picha zilipo. Kunaandika upya orodha ya mafaili, basi. Ni sawa na kuchana daftari la mapokezi la gesti: wageni bado wamelala vyumbani, ila hakuna anayejua nani yuko chumba gani, na paa lililokuwa linavuja bado linavuja. Kadi inaonekana imepona kwa sababu orodha iliyovurugika imepata mbadala safi. Kama ilivurugika kwa kuwa ulichomoa kadi kamera ikiwa bado inaandika, au betri ilikata, sawa, hapo tatizo limekwisha kweli. Lakini kama iligoma yenyewe, betri imejaa na hakuna aliyeigusa, ubovu umo ndani na umeufunika tu. Tena umefanya hivyo kabla ya kuokoa picha za watu.

Wabaya zaidi ni wale wanaoipeleka kwenye laptopu na kuifomati kwa kina usiku kucha, eti kuisafisha. Kila seli ya kadi hushika chaji ndogo ya umeme ikizuiwa na tabaka jembamba mno la kizio. Kila kufuta na kuandika upya kunalila tabaka hilo. Seli za aina ya TLC, zilizojaa kwenye kadi za bei ya kawaida, huhimili mizunguko kati ya 1,000 na 3,000 hivi. Kizio kilicholika hakirudishwi na programu yoyote duniani. Kufomati kwa kina kunaandika seli zote, yaani kunaongeza uchakavu, na picha za bibi harusi ndiyo umezifukia moja kwa moja.

Na uchakavu wenyewe mara nyingi unasingiziwa. Piga hesabu: ukijaza kadi ya GB 64 kila Jumamosi, ni mizunguko 52 kwa mwaka. Kufika 1,000 kunachukua miaka 19. Kadi za wapiga picha wa harusi huuawa na plastiki iliyopasuka, vumbi la kiangazi kwenye miguu yake, na kadi bandia, ile iliyoandikwa GB 512 wakati ndani mna 16, picha za keki zinafunguka nusu, nusu nyingine kijivu kitupu. Lakini chukua kamera ya ulinzi kwenye ghala la mahindi Kibaigwa. Ikirekodi megabiti 15 kwa sekunde bila kusimama, inajaza GB 64 chini ya saa 10. Mizunguko 1,000 inatimia mwaka mmoja na mwezi. Halafu kadi hiyo inachomolewa, inafomatiwa, inauzwa kwa mtoto anayeanza kushuti. Usinunue kadi iliyotumika.

Sasa cha kufanya. Ikigoma ukumbini: zima kamera, toa kadi, isukume ile swichi ndogo ya kufuli, weka nyingine, endelea na kazi. Nyumbani tumia programu ya kuokoa picha ya PhotoRec, ni ya bure, na picha zinazookolewa ziende kwenye diski nyingine, si kadi ileile. Kadi mpya ijaze yote na kuisoma kwa programu ya H2testw au F3, kuikamata kama ni bandia, kabla haijaenda kazini. Kamera yenye matundu mawili, kama Nikon D750 au Sony A7 III, irekodi kwenye yote mawili. Mwenye Canon 6D ana tundu moja, basi abadilishe kadi kati ya kanisani na ukumbini. Kamera ya ulinzi inunulie kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Fomati ndani ya kamera, baada ya picha kukaa sehemu mbili. Usizitunze kwenye kadi droo­ni miaka na miaka, chaji huvuja na joto huharakisha kuvuja huko. Na kadi iliyogoma bila sababu, ukishaokoa kilichomo, ikate kwa koleo siku hiyohiyo, kabla msaidizi wako hajaibeba kwenda nayo kwenye kipaimara.