Feni ya Kompyuta Inapopiga Kelele: Sikiliza Kabla ya Kuinyamazisha

Katika miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Mutukula, ni nadra kupita mtaa wa biashara usikute duka lenye kompyuta ya mezani. Humo wasafiri huchapishiwa fomu, wafanyabiashara huandaliwa nyaraka za forodha, na nakala za pasipoti na vitambulisho huhifadhiwa. Mashine ya namna hiyo ikiharibika, hasara haimwangukii mwenye duka peke yake. Ni vyema basi ijulikane kwamba kompyuta aghalabu hutoa onyo kabla ya kuharibika, na mojawapo ya maonyo hayo ni kelele za feni.

Kazi ya feni ni kuondoa joto. Kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa kompyuta, hupata joto kila kinapofanya kazi. Juu yake hukaa kipande cha chuma chenye mapezi membamba kinachopokea joto hilo, nayo feni hupuliza hewa kati ya mapezi. Joto likizidi, kompyuta huiamuru feni izunguke kwa kasi zaidi, na hapo ndipo mvumo husikika. Feni ikishindwa kabisa, vichakataji vingi vya kisasa hujipunguzia kasi vinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Joto likiendelea kupanda, mashine hujizima, pengine kazi ikiwa haijahifadhiwa. Anayechomoa feni ili apate utulivu amezima king'ora na kuuacha moto ukiwaka.

Kelele nazo si za aina moja. Mvumo mkubwa usiokoma huashiria joto, mara nyingi kwa sababu ya vumbi lililoziba mapezi. Mlio wa kugongagonga huonyesha kwamba waya unagusa mapanga ya feni. Mlio wa kukwaruza, hasa mashine inapowashwa, ni dalili ya beringi zilizochakaa. Mtetemo hutokana na skurubu zilizolegea au meza isiyo sawa.

Anza na vumbi, kwani kando ya barabara za malori halikosekani. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma cha kasha ili mwili wako upoteze umeme tuli. Fungua ubavu wa kasha na upanguse mapezi na feni kwa brashi laini iliyo kavu. Ukitumia kipuliza hewa, zuia mapanga kwa kidole yasizunguke kupita kiasi. Usitumie kompresa ya kujazia matairi, kwa maana hewa yake huweza kubeba maji na mafuta. Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kasha usikifungue kamwe. Huweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa.

Beringi zikiwa zimechakaa, tone la mafuta huleta nafuu ya muda tu. Dawa ni feni mpya. Nunua yenye kipimo kilekile, iwe milimita 80, 92 au 120, na plagi inayolingana na ile ya zamani. Uifunge ikielekea upande uleule, ili hewa iingie na kutoka ilivyokusudiwa. Chuma cha kichakataji kikiondolewa, sharti pesti ya kupitisha joto ipakwe upya.

Iwapo mashine ni safi, feni ni nzima, na bado zinavuma ilhali hakuna anayefanya kazi, tazama orodha ya programu zinazoendelea. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Huenda ni programu halali inayojisasisha. Lakini wapo wahalifu wanaopenyeza programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa siri, zikitumia kichakataji na umeme wa mtu mwingine. Ukiona programu usiyoifahamu imeshika sehemu kubwa ya kichakataji saa nyingi, katisha intaneti, andika jina lake na tarehe, na usiifute kabla ya kupata ushauri. Kuingilia kompyuta bila idhini ni kosa pande zote za mipaka hii: Uganda ina sheria yake ya mwaka 2011, Tanzania ya mwaka 2015, na Kenya ya mwaka 2018.

Ukilazimika kuipeleka mashine kwa fundi, kumbuka kwamba unampelekea pia siri za wateja wako. Nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje na ubaki nayo. Fundi wa feni hahitaji nywila yako ili kusafisha vumbi. Ikiwezekana, kazi ifanyike ukiwapo; la sivyo, dai stakabadhi yenye namba ya mashine. Nakala ya pasipoti ikianguka mikononi mwa tapeli, mwenye pasipoti anaweza kujikuta akihojiwa kwa jambo asilolijua.

Ukishuku kwamba taarifa za wateja zimechukuliwa, fika mapema katika kituo cha polisi kilicho karibu, ukiwa na stakabadhi na maelezo uliyoyaandika. Wajulishe pia wateja wenyewe, ili nao wachukue tahadhari.